Maji ya Kisima Ndiyo Yanayochagua: uchambuzi wa bustani moja ya nyumbani Kigamboni

Kiwanja kina mita 20 kwa 30. Nyumba ina paa la bati la mita za mraba 120. Shimo la maji taka liko nyuma kushoto, kisima kirefu kiko nyuma kulia. Ardhi ni mchanga mweupe wa pwani, ule ambao ukiumwagia ndoo ya maji, maji yamezama kabla hujainua ndoo. Pande tatu zina kuta tayari na upande wa kulia, wenye mita 30, uko wazi. Familia ilitaka gari liingie bila kukwama, watoto wapate pa kuchezea, mboga za kila siku zitoke nyumbani, na kuwe na kivuli cha kukaa jioni. Juu ya hayo waliweka sharti moja: kila kitakachoingia kiwanjani kiwe rafiki wa mazingira.

Makadirio ya kwanza waliyoletewa yalikuwa na zege na pevingi mita za mraba 150, nyasi bandia mita za mraba 100, changarawe nyeupe ya matumbawe kuzunguka miti, safu ya miashoki ukutani, ukuta wa matofali upande ulio wazi, kibanda cha boriti zilizopakwa oili chafu, na malori mawili ya udongo mweusi. Ni orodha ya kawaida kabisa. Ukipita mitaa mipya ya Dar es Salaam utaiona nyumba baada ya nyumba, kwa kuwa ndivyo vitu vinavyouzwa kando ya barabara na ndivyo mafundi wamezoea kuvipigia hesabu. Karibu kila kipengele kilibadilika. Hapa tunaeleza kwa nini, kwa kipimo gani, na nini kiliharibika hata baada ya kubadilishwa.

Maji kabla ya mche

Kosa linalorudiwa sana ni kwenda kitaluni kwanza. Watu hununua miche kwa kuangalia ua na bei, kisha hutafuta maji ya kuihudumia. Kwenye mchanga wa pwani mpangilio huo unapaswa kugeuzwa, kwa sababu kisima ndicho kitakachoamua mche upi utaishi.

Maji ya kisima hiki yalipimwa kwa kipima chumvi kidogo cha mkononi. Mwezi wa Juni, masika yakiwa yametoka kumalizika, yalisoma desisimensi 2.6 kwa mita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme: namba ikipanda, chumvi imeongezeka. Mwishoni mwa Septemba yalisoma 3.1. Tofauti hiyo ina maelezo yake. Chini ya mchanga wa pwani, maji ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Pampu ikivuta sana wakati wa kiangazi, tabaka la juu huwa jembamba na chumvi hupanda kuelekea kwenye bomba. Kila lita inayovutwa bila sababu inaharibu kisima hicho na cha jirani.

Desisimensi moja ni takriban gramu 0.64 za chumvi katika lita. Kwa hiyo maji haya yana wastani wa gramu 1.8 kwa lita. Sasa chukua bustani ya nyasi ya mita za mraba 100, inayohitaji kama lita 5 kwa mita ya mraba kila siku ya kiangazi. Hizo ni lita 500, sawa na gramu 900 za chumvi kwa siku. Katika siku 100 umemwaga kilo 90 za chumvi bustanini kwako kwa mkono wako mwenyewe. Mchanga una bahati moja, kwamba masika yakishuka huioshea chini chumvi hiyo. Lakini ukishafunika ardhi kwa zege, mvua haipati pa kupita, na mizizi iliyo chini ya kingo hubaki na chumvi ya mwaka hadi mwaka.

Mimea nayo haivumilii kwa kiwango kimoja. Maharage huanza kupunguza mavuno maji yakivuka desisimensi 0.7, vitunguu 0.8, pilipili hoho 1.0, michungwa 1.1, nyanya 1.7. Kunde hufika 3.3 bila kupunguza. Hivyo kwa kisima cha 2.6 hadi 3.1, kunde ni chakula cha uhakika na maharage ni hasara iliyopangwa. Ukweli huo mmoja uliokoa fedha nyingi kuliko jambo lingine lolote katika kazi hii.

Maji matamu yalitafutwa juu ya paa. Milimita moja ya mvua kwenye bati la mita za mraba 120 ni lita 120. Ukiondoa zinazoruka, zinazovuja na zinazokauka, hesabu lita 95 hivi. Ziliwekwa gata pande mbili na simtanki mbili za lita 5,000. Mvua ya milimita 105 inazijaza zote, na Aprili peke yake Dar es Salaam huleta zaidi ya hapo. Kabla ya tanki kuna bomba la inchi 4 lililosimama, lenye kifuniko cha kufungua chini, linalopokea maji ya kwanza yenye vumbi na vinyesi vya ndege. Bomba la mita 3 hubeba lita 24 tu, ambazo hazitoshi paa la ukubwa huu, kwa hiyo yaliungwa matatu. Maji yanayofurika tanki yakijaa hayapelekwi barabarani. Huongozwa kwenye beseni la ardhi lenye kina cha sentimita 20, mbali na shimo la maji taka, yazame na kuongeza lile tabaka la maji matamu.

Lita 10,000 zinasikika nyingi. Zigawe kwa siku 120 za kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upate lita 83 kwa siku: ndoo nne za lita 20. Ndoo nne ndizo zilizopanga bustani. Mbili ni za kitanda cha nyanya na hoho cha mita za mraba 6, moja na nusu ni za mindimu miwili, nusu iliyobaki ni ya miche. Mmea mwingine wowote uliochaguliwa ulilazimika kuishi kwa kisima au kwa mvua.

Chini ya miguu

Zege la mita za mraba 150 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 15. Kwa mifuko sita hadi saba kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni karibu mifuko 100 ya kilo 50, tani tano za saruji. Kutengeneza tani moja ya saruji hutoa kati ya kilo 600 na 900 za hewa ukaa, na sehemu kubwa haitokani na moto wa tanuru bali na jiwe la chokaa lenyewe linapovunjika. Hata kiwanda kikitumia nishati safi, hewa hiyo bado hutoka. Kwa saruji, basi, njia ya uhakika ni kuitumia kidogo.

Gari halihitaji mita za mraba 150. Linahitaji mahali pa magurudumu. Zilitengenezwa njia mbili za upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 12, jumla mita za mraba 14.4. Kwa vitofali vya sentimita 20 kwa 10, vinavyoingia 50 katika mita ya mraba, vilitosha 720. Vilivyochaguliwa ni vya unene wa milimita 80. Vile vya 60 ni vya watu kutembea, na vikipitiwa na gari juu ya mchanga huanza kutikisika ndani ya mwaka mmoja. Chini yake iliwekwa moramu, udongo wenye changarawe unaoshikana ukishindiliwa, sentimita 15, ikashindiliwa kwa awamu mbili ikiwa na unyevu, kisha mchanga wa kulalia sentimita 3. Kinachowashinda wengi ni kingo. Mchanga wa pwani haushiki kitu pembeni, kwa hiyo bila kizuizi vitofali husogea nje na mapengo hufunguka katikati. Vipande vya matofali yaliyovunjika wakati wa ujenzi vilizikwa wima kama kingo, vikashikwa na zege dogo upande wa nje tu. Hapo zege lilistahili.

Vifusi vya ujenzi ni hazina inayotupwa. Kiwanja hiki kilikuwa na rundo la vipande vya matofali, vigae na zege. Vilipondwa na kuwekwa kwenye vijia vya kutembea, juu ya maboksi mawili mawili yaliyoondolewa utepe wa plastiki na pini. Maboksi huzuia magugu kwa miezi sita hadi minane kisha huoza. Nailoni nyeusi inayouzwa kwa kazi hiyohiyo huonekana nzuri mwaka wa kwanza, halafu vumbi hutua juu yake, magugu huota humo na mizizi huipasua, na unaanza kuokota vipande vya plastiki udongoni kwa miaka.

Nyasi bandia ziliondolewa bila mjadala mrefu. Chini ya jua kali uso wake huweza kupita nyuzi joto 60, na mtoto hawezi kuukanyaga peku saa saba mchana. Huachia vipande vya plastiki, na zikichakaa hazina pa kwenda ila dampo. Badala yake zilipandwa nyasi za Pemba, mita za mraba 45 tu, upande ambao ukuta unatoa kivuli cha alasiri. Hizi ni nyasi za ufukwe wa Bahari ya Hindi. Zinavumilia chumvi na kivuli kuliko ukoka. Hupandwa kwa vipandikizi vyenye vifundo viwili au vitatu, sentimita 20 kati ya kimoja na kingine, masika yakianza. Ukoka ni mgumu zaidi kwa ukame, lakini kivulini hunyauka na kuacha vipara.

Boriti, mianzi na ule ukuta

Boriti za mikoko zilikataliwa kwanza. Misitu ya mikoko ni hifadhi na kukata bila kibali ni kosa, ila sababu ya kina zaidi ni kazi inayofanywa na mikoko yenyewe: kushika udongo wa pwani, kuvunja nguvu ya mawimbi na kuwa kitalu cha samaki na kamba. Kukata mti wa namna hiyo ili upate kivuli cha bustanini ni kubadilisha kikubwa kwa kidogo.

Oili chafu nayo haifai mahali palipo na kisima. Ni kweli hufukuza mchwa kwa muda. Lakini ndani yake mna masalia ya metali na kemikali zinazotokana na injini, na mchanga hauwezi kuzichuja kama udongo wa mfinyanzi. Nguzo iliyopakwa oili ikisimama mita tatu kutoka kwenye tuta la mchicha, mvua ndiyo itakayokamilisha safari. Vivyo hivyo nguzo zenye rangi ya kijani zilizotibiwa kwa shaba, kromiamu na aseniki: zifae uzio wa mbali, zisiwe kingo za kitanda cha mboga, na mabaki yake yasichomwe jikoni hata siku moja, kwa kuwa aseniki hubaki kwenye moshi na jivu.

Kibanda kilijengwa kwa mianzi juu ya vikombe vya zege vilivyoinuliwa sentimita 20 kutoka ardhini, ili mwanzi usiguse mchanga. Kingo za vitanda vya mboga zilitoka kwenye mbao za paleti. Paleti za biashara ya kimataifa zina muhuri: HT maana yake zilitibiwa kwa joto, MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi. Zilichukuliwa za HT peke yake, na zile zenye madoa ya mafuta au harufu ya kemikali ziliachwa hata kama muhuri ulikuwa sawa, maana muhuri hausemi kilichomwagikia paleti baadaye.

Ukuta wa upande wa nne ulileta ubishi wa kweli, kwa kuwa hapo usalama wa familia ulihusika. Mita 30 kwa kimo cha mita 2 zingemeza matofali 600 hivi. Badala yake uliwekwa ua wa mhina, safu mbili zilizopishana, sentimita 50 kati ya mche na mche, jumla miche 120. Kila baada ya mita 3 palisimikwa tawi la mlonge la mita 1.5, nene kama kifundo cha mkono, likachipua na kuwa nguzo hai ya kushikia waya. Ua huu hauzibi kabla ya miezi 18, na mwenye haraka au anayeishi mahali pasipo na majirani asidanganywe kwamba mhina ni sawa na tofali siku ya kwanza. Waya wa muda ulihitajika.

Mnyaa ungekua upesi na hauhitaji maji, ila utomvu wake ukiingia jichoni huunguza vibaya sana, na hapa kuna watoto. Mbono nao mbegu zake ni sumu. Yote miwili iliondolewa.

Udongo bila lori

Udongo mweusi unaouzwa kwa lori mara nyingi huchotwa mabondeni na kando ya mito, na kinachobaki huko ni shimo na kingo zinazobomoka. Mnunuzi naye huletewa ndago, gugu sugu. Vinundu vya ndago vikishaingia, jembe huvigawa na kuvizidisha. Watu wamehamisha bustani kwa sababu yake. Huenda ukaletewa pia minyoo fundo inayovimbisha mizizi ya nyanya na bamia.

Mchanga wenyewe ulirekebishwa mahali ulipo, na kwenye vitanda tu. Mita za mraba 40 za vitanda zilipewa mboji ya unene wa sentimita 5, yaani mita za ujazo 2, ikachanganywa kwenye sentimita 20 za juu. Mboji ilitengenezwa kwenye marundo ya mita moja kila upande: sehemu moja majani mabichi, mabaki ya jikoni na samadi ya ng'ombe, sehemu mbili hadi tatu majani makavu na mabua. Rundo likipata joto la nyuzi 55 hadi 65 mbegu nyingi za magugu hufa. Likigeuzwa kila wiki mbili, kwa joto la pwani huiva ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Rundo dogo kuliko mita moja halipati joto hilo, nalo hubaki kuwa kichaka cha panya.

Kila mita ya mraba iliongezewa lita 10 za chenga za mkaa, yale masalia yanayobaki chini ya gunia kwa wauza mkaa. Mkaa wa kununua kwa kazi hii haufai, kwa kuwa ni kukata msitu ili kulisha bustani. Chenga zililowekwa wiki mbili kwenye maji ya samadi kwanza. Zikiingia kavu hunyonya naitrojeni ya udongo na mboga hubaki njano kwa msimu mzima. Zikiisha kushiba, kazi yake hugeuka kuwa ghala la maji na rutuba ambalo mchanga hauna.

Mimea, na swali la mbegu

Afrika Mashariki ina mafunzo ya kutosha kuhusu mmea mzuri unaogeuka tatizo. Gugumaji lililoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mmea wa asili ya Amerika Kusini ulioenezwa duniani kwa ajili ya maua yake. Mathenge, mti wa miiba, uliletwa Baringo nchini Kenya kuzuia jangwa na sasa umefunga malisho. Huko Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, baadhi ya mimea iliyopandwa kwa majaribio ilitoroka na kuingia msitu wa asili. Kwa hiyo kila mche uliulizwa maswali mawili: mbegu zako zinasambazwa na nani, na zikifika msituni zitaota bila kutunzwa?

Lantana, yenye vishada vya rangi mchanganyiko vinavyopendwa sana vitaluni, ilishindwa papo hapo, maana ndege hula tunda lake na kulipeleka kila mahali. Mwarobaini ulileta ugumu. Ni miti michache inayovumilia mchanga na ukame wa pwani kama huu, na dawa yake inajulikana kwa kila mtu. Lakini asili yake ni Asia, ndege na popo husambaza mbegu zake, nao umekwisha kuvamia vichaka vingi vya pwani. Aliye nao autunze. Kuongeza mwingine palipo na mbadala hakukuonekana sawa.

Miti ya kivuli ilipunguzwa hadi mmoja: mkwaju, kwenye pembe ya mbele kulia, mita 9 kutoka msingi wa nyumba na mbali kabisa na shimo la maji taka. Ni mti wa Afrika, hauogopi upepo wa kusi wala kaskazi, na ukwaju wake una kazi jikoni na sokoni. Hukua polepole, na baada ya miaka mingi utahitaji kupogolewa ili usivuke mpaka. Miaka ya mwanzo kivuli hutoka kwenye kile kibanda cha mianzi, kilichopandishiwa fiwi upande wa jua na asumini upande wa mlango. Mkungu ulipendekezwa kwa sababu unakua upesi, ila mizizi yake ya juujuu huinua vitofali.

Minazi miwili iliwekwa nyuma, mita 8 kutoka nyumba ili nazi isidondokee bati wala mtu. Mnazi ni miongoni mwa mimea michache inayofaidika na kloraidi, kwa hiyo kisima kile kinachoumiza mchungwa kinaulisha mnazi. Shimo lilikuwa mita moja kila upande, na chini lilipangwa makumbi tabaka mbili, tumbo likiangalia juu, yashike maji kama vikombe. Mikomamanga mitatu ilifuata ukuta wa nyuma. Mshubiri, mrehani na mche mmoja wa kilua viliwekwa kando ya vijia: mshubiri huwaita ndege aina ya chozi, mrehani huwaita nyuki, na kilua ni ua la mwitu wa pwani yetu ambalo harufu yake inajulikana katika nyumba za Waswahili tangu zamani huku vitalu vingi vikiwa havina hata mche mmoja. Vitalu vikiombwa mara kwa mara vitaotesha.

Mboga za kisima ni kunde, mchicha na bamia, ukijua kwamba bamia hutoa kidogo Septemba. Mboga za mvua ni nyanya na hoho.

Miche yote iliingia mwishoni mwa Machi, mvua ziliposhika. Anayepanda miti wakati wa vuli hukutana na jua la Januari na Februari kabla mizizi haijashuka. Kila kiriba kilichanwa na kuondolewa. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lililenga mifuko ya kubebea, na viriba vya miche vimebaki, kwa hiyo ni juu ya mpandaji kuvikusanya na kuvirudisha kitaluni. Kuacha kiriba chini kwa kutoboa tu ni kuuhukumu mti: mizizi huzunguka ndani yake na miaka mitatu baadaye mti huanguka kwa upepo mmoja. Mzizi uliokwisha kujikunja chini ya kiriba hukatwa kwa kisu kikali kabla ya kupanda.

Yaliyoharibika

Miezi minne baadaye mindimu yote miwili ilikuwa njano. Dhana ya kwanza ilikuwa ukosefu wa samadi, na samadi iliongezwa bila mabadiliko. Dalili ilikuwa imesomwa vibaya. Naitrojeni ikipungua, majani ya zamani ndiyo hutangulia kuwa njano, jani zima. Hapa yalikuwa majani machanga, na mishipa yake ilibaki kijani kama ramani. Huo ni upungufu wa chuma. Changarawe ya matumbawe iliyokuwa imekwisha kununuliwa kabla mpango haujabadilika ilitandazwa kuzunguka mindimu ili isipotee bure. Matumbawe ni chokaa. Mvua huiyeyusha kidogo kidogo, udongo wa chini ukasoma pH 8.2, yaani umeelemea upande wa alikali, na katika hali hiyo chuma kipo ila mzizi hauwezi kukichukua. Dawa ilikuwa kuondoa changarawe yote pamoja na sentimita 10 za juu, kujaza mboji iliyoiva, kumwagilia maji ya mvua peke yake, na kutia mara moja chuma cha chelati, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali inayokiwezesha kufika kwenye mzizi, ya aina ya EDDHA, kwa kuwa aina nyingi nyingine za chelati huvunjika pH ikipita 7.5 hivi. Majani mapya yalitoka kijani. Yale ya njano hayakurudi, na hayarudi. Changarawe ilihamishiwa kwenye vijia. Atakayeihitaji vijiani ahakikishe imetoka machimbo ya nchi kavu, kamwe isiwe ya baharini.

Mianzi ya kibanda ilianza kutoa unga mweupe kwenye matundu madogo: bungua, wadudu wanaotoboa mbao na mianzi. Ilikuwa imekatwa michanga na wakati wa mvua, ikiwa imejaa wanga, na wanga ndio chakula chao. Vipande sita vilibadilishwa. Safari ya pili ilichaguliwa mianzi ya miaka mitatu na zaidi, iliyokatwa kiangazi. Iligongwa ukingo kusikiliza mlio mkavu, ikatobolewa vifundo kwa nondo ndefu, kisha ikazamishwa siku kumi kwenye maji yenye boraksi na asidi ya boriki, kilo 5 za mchanganyiko kwa lita 100. Maji hayo hayamwagwi bustanini, kwa sababu boroni ikizidi huunguza kingo za majani. Hufunikwa na kutumika tena. Zaidi ya hapo, boraksi huoshwa na mvua, kwa hiyo mianzi ya paa ndiyo iliyofaidika, na makuti yakaongezwa urefu wa sentimita 40 kuifunika.

Migomba mitano iliyokuwa ikipokea maji ya kufulia iliungua kingo za majani. Sabuni ina sodiamu, na nguo zilikuwa zinafuliwa kwa maji ya kisima, hivyo chumvi ilijumlishwa mara mbili. Maji hayo yalielekezwa kwenye minazi. Migomba miwili iliyobaki inaishi kwenye lile beseni la maji ya kufurika, na hapo imezaa.

Tuta moja la mchicha lilikufa kwa samadi ya kuku iliyotiwa mbichi, ndoo moja kwa mita ya mraba. Samadi hiyo ina amonia na chumvi nyingi. Ipitie rundo la mboji kwanza, hasa kwa maji kama haya. Na matandazo ya majani makavu yaliyosukumwa hadi ukutani yaliwaletea mchwa njia ya siri kuingia kwenye fremu za milango. Sasa kuna ukanda mtupu wa sentimita 40 kuzunguka nyumba, unaokaguliwa kila Jumamosi kutafuta vijia vya udongo.

Mhina umefika kifuani. Hukatwa mara tatu kwa mwaka, chini ukiachwa mpana kuliko juu ili jua lifike matawi ya chini yasipukutike, na majani yake hukaushwa kivulini na kusagwa. Koki ya simtanki imewekewa kufuli kuanzia Juni, na ndoo nne hupimwa kila asubuhi kabla ya saa moja.